Mwezi unapatwa leo usiku: tulio Lamu, Malindi na kwingineko tukutane hapa

BintiLangoni – Jumapili 7 Septemba 2025, saa 10:20 jioni

Assalaam alaykum, na wengine wote habari za jioni.

Nafungua uzi mapema ili kesho asije mtu akanilaumu "mbona hukutuambia". Leo usiku mwezi unapatwa, na si ule wa kumegwa pembeni kidogo ukaachwa. Unaingia wote. Safari hii pwani yetu imependelewa, maana mara nyingi mambo haya hutokea saa nane za usiku watu wamelala, au hutokea mchana kwetu, wakaona wa mbali sisi tukabaki kusoma habari zao.

Saa zetu ni hizi, na nimezihesabu Kiswahili, msije mkanitokea saa mbili asubuhi. Mwezi utachomoza nyuma ya kisiwa cha Manda kama saa kumi na mbili na robo, mzima, mpevu. Saa 1:27 usiku kivuli kizito cha dunia kitaanza kuung'ata, na kwa vile utakuwa bado upande wa mashariki, utauona unaliwa kuanzia chini. Saa 2:30 umeingia wote. Katikati yake ni saa 3:11. Saa 3:52 unaanza kutoka, na ikifika saa 4:56 umetoka. Kwa hiyo ni dakika 82 za mwezi ulio ndani kabisa ya kivuli.

Wa Lamu hamna haja ya kupanda popote, mji wetu umeelekea mashariki. Keti tu kwenye ukuta wa bahari, ufurahie usiku wako. Mimi nitakuwa juu ya paa kwetu Langoni pamoja na bibi yangu, aking'ang'ania kupanda.

Ombi langu moja: wekundu kila mtu atauona, hauhitaji kuambiwa. Utazameni UKINGO wa kivuli, kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu. Sababu nitaieleza baadaye.

---

Tanga_Raha – saa 10:41 jioni

Shukrani mkuu. Tanga nipo, nimekaa mkao. Swali la kijinga: miwani ile ya giza inahitajika? Mwaka 2016 nilisafiri hadi Rujewa kule Mbeya jua lilipopatwa, tukaambiwa bila miwani tutapofuka.

---

BintiLangoni – saa 10:50 jioni

Si la kijinga hata kidogo. Ile ya jua ndiyo inayounguza jicho. Huu ni mwezi, na leo utakuwa hafifu kuliko siku zote. Macho yako yanatosha. Ukiwa na darubini ya mkono, ile ya kutazamia ndege, lete. Huna, hujakosa kitu.

---

MaalimMkomani – saa 11:05 jioni

Wa alaykumu ssalaam binti yetu. Umefanya vizuri kutaja saa, nami naongeza la kwangu. Kwa Waislamu kuna sala ya khusufu, nayo ni sunna iliyokokotezwa. Ni rakaa mbili, lakini kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, na kwa kuwa ni usiku kisomo ni cha sauti. Haina adhana wala ikama, huitwa tu "Assalaatu jaamia". Leo imetuangukia vizuri: tukitoka Isha mwezi utakuwa umeanza kumegwa, tunaunganisha. Ukimaliza kusali, nenda katazame. Kuutazama hakukatazwi.

---

Mkaa_Kimya – saa 11:18 jioni

Jamani nina kesi nyumbani. Mke wangu ni mja mzito. Mkwe wangu amepiga simu kutoka Faza, amesema leo binti yake asitoke nje, asishike kisu, asikate chochote hadi mwezi uachiwe, ama sivyo mtoto atazaliwa na mdomo wa sungura. Mke naye amekubali haraka haraka, ameketi kitandani na simu. Chakula cha usiku hakijapikwa na vitunguu viko pale vinanitazama.

---

bintiShela – saa 11:22 jioni

Nimecheka hadi jirani akachungulia 😂

---

MkungaMalindi – saa 11:36 jioni

@Mkaa_Kimya mkeo yuko mwezi wa ngapi?

---

Mkaa_Kimya – saa 11:38 jioni

Wa saba.

---

MkungaMalindi – saa 11:47 jioni

Basi tulia. Mdomo wa mtoto huungana mapema sana, kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kama wamebeba. Wa kwenu ulishakamilika zamani. Mdomo wa sungura una sababu zake, nyingine za kurithi, nyingine za mambo yanayompata mama mwanzoni mwa mimba, na hautoki angani. Tena siku hizi hushonwa ukapona.

Lakini usigombane na mkweo kwa ajili ya kitunguu. Kata wewe.

---

Mkaa_Kimya – saa 11:49 jioni

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa naliogopa.

---

NahodhaNgomeni – saa 12:09 magharibi

Mimi naandika polepole, mnivumilie. Nimevua tangu utotoni na mwezi kupatwa nimeuona zaidi ya mara moja, lakini mmoja haujapata kunitoka. Ilikuwa Desemba 1992, kaskazi imeshaingia, mimi kijana wa miaka kumi na saba. Tulitoka Ngomeni na marehemu baba kwenda kutazama jarife tuliyoitega mchana. Siku za mwezi mpevu hatukuwa tukihangaika na karabai, samaki hawafuati taa wakati mbingu nzima ni taa.

Ilikuwa saa nane na kitu za usiku, maji yanajaa. Mwezi ulikuwa unamalizika kuliwa. Baba akasema umepatwa, tusome. Nikangoja uwe mwekundu kama nilivyokuwa nikisikia. Haukuwa mwekundu. ULIZIMIKA. Kama taa ya chemni uliyoiteremsha utambi hadi ukapotea. Nilikuwa nauona mkono wangu juu ya usukani, mara siuoni. Nyota zikajaa hadi kwenye maji. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi lakini siku ile alinyamaza, nikasikia tu tasbihi yake inagonga ubao wa mashua. Tulikaa vile zaidi ya saa nzima.

Tangu hapo kila niuonapo mwekundu najiuliza ule wa mwaka ule ulikuwa na nini. Watu wakanambia nilisinzia.

---

BintiLangoni – saa 12:31 magharibi

Nahodha, hukusinzia! Wallahi umenisisimua. Usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Desemba 1992 unajulikana duniani kwa weusi wake. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Juni 1991, mlima Pinatubo kule Ufilipino ulilipuka, ukarusha moshi na chembe za salfa juu kabisa mwa hewa, zikaenea zikaizunguka dunia yote. Ule mwanga mwekundu unaoufikia mwezi wakati wa kupatwa hupenya kwanza kwenye hewa yetu. Mwaka ule hewa ilikuwa na pazia. Mwanga haukupita, mwezi ukazimika. Saa ulizotaja ndizo zenyewe: ulikuwa ndani ya kivuli kuanzia saa nane na dakika chache hadi baada ya saa tisa.

Mlima wa Ufilipino, ukaja kukuzimia taa Ngomeni.

---

NahodhaNgomeni – saa 12:40 magharibi

Miaka thelathini na tatu nimekaa na jambo hili. Shukrani mwanangu. Nakwenda kusali.

---

BintiLangoni – saa 12:52 magharibi

UMETOKA. Unapanda juu ya mikoko ya Manda, mkubwa, rangi ya siagi. Bibi ameshapandishwa, tumemwekea mkeka na mito miwili. Ngazi zetu ni zile za zamani, ndefu moja fupi moja, imetuchukua robo saa.

---

FundiSimu_Malindi – saa 1:14 usiku

Malindi wingu. Niko ufukweni karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, upepo wa kusi unasukuma mawingu kama kondoo. Ukifungika usiku kucha nitalia. Mwaka 2018 pia ilikuwa hivi hivi.

---

bintiShela – saa 1:20 usiku

Wa 2018 nyinyi mlifungikiwa? Pole. Sisi tuliona. Ijumaa 27 Julai, tulipanda mchanga wa Shela na thermosi mbili za chai. Ule ulikuwa mrefu kuliko wote wa karne hii, dakika 103, tangu saa nne u nusu hadi saa sita na robo kasoro kidogo. Na Mirihi ilikuwa pembeni yake inawaka rangi moja na mwezi, maana siku zile ilikuwa karibu sana na dunia. Mdogo wangu akasema mwezi umezaa. Kuupita ule kwa urefu hadi mwaka 2123, kwa hiyo tusingojane.

Baridi ya kusi juu ya mchanga ule lakini... tulirudi tumepauka kama tumetoka kusaga unga.

---

BintiLangoni – saa 1:29 usiku

Umeanza. Chini, kama mtu ameushika kwa kidole chenye masizi.

---

Tanga_Raha – saa 1:33 usiku

Nauona! Tanga safi kabisa.

---

Ghanima_Muscat – saa 1:35 usiku kwenu

Mimi ni wa Pate, nafanya kazi Muscat. Hapa nasi umeanza kumegwa, lakini saa ya ukutani kwangu inasema mbili na nusu. Kumbe tunatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja na saa mbalimbali. Mama yuko Pate, nimempigia simu, kila mmoja anamwambia mwenziwe "umeuona?" utadhani tumekaa baraza moja.

---

MaalimMkomani – saa 1:39 usiku

@Ghanima_Muscat unajua wewe na mama yako mumefanya kazi ya Al-Biruni, yule mwanazuoni wa zamani? Mwaka 997 yeye alikuwa Kath, mji wa Khawarizmi, na mwenziwe Abul-Wafa alikuwa Baghdad. Walikubaliana mapema: mwezi utakapopatwa, kila mmoja aandike saa ya kwake. Kisha wakalinganisha. Tofauti ya saa ikawaambia miji yao imepishana kiasi gani mashariki kwa magharibi. Hawakuwa na simu. Waliufanya mwezi uwe saa moja inayoonekana na wote wawili.

Nasimamisha sala sasa, tutaonana baadaye.

---

Tafakuri_Huru – saa 1:44 usiku

Nasoma tu hapa mnavyodanganyana. Nani amethibitisha kwamba hicho ni kivuli cha dunia? Na hata kama ni cha dunia, sahani nayo ina kivuli cha mviringo. Dunia ni bapa, mwezi una taa yake, inazimwa na kuwashwa. Na huu wekundu wenu ni mwezi wa damu, ni dalili ya vita na vifo vya wakubwa. Andikeni.

---

BintiLangoni – saa 2:03 usiku

Ahsante kwa kunifikisha pale nilipokuwa nakwenda. Hebu toka nje SASA utazame ukingo wa kivuli. Umepinda, sivyo? Na upinde wake ni mkubwa kuliko wa mwezi wenyewe. Ukiuendeleza kwa mawazo hadi ukamilike mviringo, utapata duara ambalo mwezi huu unaingia mara mbili na nusu na zaidi kidogo ukipanga mmoja pembeni ya mwingine. Ndilo nililotaka watu walitazame tangu saa kumi.

Sasa lako la sahani. Nenda jikoni uchukue sinia. Liweke mbele ya taa, uso kwa uso: kivuli ni duara, kweli. Ligeuze kidogo: kivuli kimekuwa yai. Ligeuze ubavu: kimekuwa fimbo. Kisha chukua chungwa. Ligeuze utakavyo, kivuli ni duara tu. Mwezi hupatwa ukiwa mashariki unachomoza, hupatwa ukiwa utosini, hupatwa unapotua, na kila mara ukingo ni mviringo uleule, haujapata kuonekana yai wala fimbo. Aristotle alilisema hili kabla ya Nabii Isa kuzaliwa, kwa macho matupu, kama sisi hapa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, naweza kumwonyesha mwanafunzi picha za setilaiti hadi zikaisha, akasema zimetengenezwa. Lakini ukingo huu hakuna aliyeutengeneza, na anauona yeye mwenyewe juu ya paa la kwao.

---

NahodhaNgomeni – saa 2:09 usiku

Na asiyeamini setilaiti aje kwetu Ngomeni nimwonyeshe ile minara ya Waitaliano baharini, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, kilirushwa pale chombo cha kutazama nyota, kikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku ile. Mimi sijazaliwa bado, ila baba alikuwepo baharini, walizuiwa wasipite karibu.

---

BintiLangoni – saa 2:14 usiku

Umeme umekatika Langoni. Taratibu yetu. Leo sina neno nao.

---

bintiShela – saa 2:16 usiku

Hahaha leo tu ndio watapongezwa. Kutoka huku Shela mji umepotea wote, zimebaki taa za boti.

---

Mkaa_Kimya – saa 2:21 usiku

Nimekata vitunguu, nimelia, nimetoka nje. Umebaki kama ukucha. Mke anauliza dirishani "uko wapi sasa?" Namsimulia.

---

MaalimMkomani – saa 2:33 usiku

Tumetoka msikitini. @Tafakuri_Huru la vita na vifo vya wakubwa lina jawabu la zamani. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Msiba ulikuwa wake mwenyewe, na angenyamaza tu wangemtukuza. Hakunyamaza. Aliwaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Sasa mimi nawe nani tumpatie mwezi kazi ya kutabiri?

---

Tafakuri_Huru – saa 2:38 usiku

Sawa maalim, hilo nakubali. Lakini mwalimu hajanijibu. Kivuli ni cheusi. Kivuli changu ni cheusi, cha mnazi ni cheusi. Mbona hiki ni chekundu?

---

BintiLangoni – saa 2:51 usiku

Swali zuri, kuliko lile la kwanza.

Mnazi hauna hewa iliyouzunguka, dunia inayo. Mwanga wa jua ukipita pembezoni mwa dunia, hewa huupinda kidogo kuelekea ndani ya kivuli. Humo njiani rangi ya buluu hutawanywa ikapotea, nyekundu hupenya. Ni kazi ileile inayofanyika jua likichwa, ndiyo maana jua la magharibi ni jekundu.

Sasa fikiria ungekuwa umesimama mwezini dakika hii ukitutazama. Dunia ni duara jeusi, na pembezoni imezungukwa na pete nyembamba nyekundu. Pete hiyo ni kila mahali ambapo jua linatua au linachomoza hivi sasa. Saa hizi linatua Accra. Linachomoza Fiji. Huo wekundu unaouona juu ya Manda ni magharibi ya watu wa Accra na alfajiri ya watu wa Fiji, imekuja kupitia mwezini.

---

Tafakuri_Huru – saa 2:55 usiku

Hmm.

---

Tanga_Raha – saa 2:56 usiku

Hiyo "hmm" ipigwe chapa 😂 Ila nami nina langu: mbona haupatwi kila mwezi? Kila mwezi si unakuwa mpevu?

---

Ghanima_Muscat – saa 3:02 usiku kwenu

Hilo nalijua, baba alinifundisha. Njia ya mwezi imeinama, digrii 5 hivi. Miezi mingi ukiwa mpevu hupita juu ya kivuli au chini yake. Ndiyo maana ukipatwa, ni katikati ya mwezi wa Kiislamu tu, na leo tuko katikati ya Mfungo Sita. Hujasikia mwezi umepatwa tarehe mbili.

---

FundiSimu_Malindi – saa 3:09 usiku

Wingu limepasuka!!!! Ya Rabi. Rangi ya shaba, kama senti zile za kale. Na chini yake, upande wa mashariki, pungufu ya shubiri ukinyoosha mkono, kuna nyota ya manjano imetulia haimetimeti. Ni nini?

---

BintiLangoni – saa 3:12 usiku

Sayari ya Zohali. Zile pete zake huwezi kuziona bila darubini, lakini ndiyo yenyewe.

---

FundiSimu_Malindi – saa 3:24 usiku

Ushauri wa bure kwa wapiga picha maana nimeona mnayoyatupia kwenye magrupu. Usikuze picha hadi mwisho, simu itakupa uji mwekundu. Iegemeze mahali, ukutani au juu ya kiatu, gusa mwezi kwenye kioo, kisha teremsha mwangaza kwa kidole. Weka muda wa kuhesabu sekunde tatu ili mkono wako usiitikise. Na wewe uliyetuma taa ya mtaani ukasema ni mwezi wa damu, tumekuona.

---

BintiLangoni – saa 3:47 usiku

Nimekaa kimya kidogo, nilikuwa na bibi. Ngoja niwasimulie.

Bibi yangu ana umri wa miaka themanini na kitu, mwenyewe anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Macho yana mtoto wa jicho, na mwanga hauoni vizuri. Nilipokuwa mdogo mwezi ukipatwa alikuwa akitufungia ndani. Yeye na mashoga zake walitoka uani na masinia na vinu, wanapiga, wanasema "mwezi upetwe, mwezi upetwe, uatwe". Tulikuwa tukichungulia mlangoni tunaona miguu tu. Nilipoanza kufundisha nikamweleza habari za kivuli. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Haya. Na sisi tulipopiga, uliatwa au haukuatwa?" Sikuwa na la kusema, maana kila mara uliachiwa.

Leo saa tatu na robo tumekaa. Maji yamekupwa kwa bamvua, mashua zimepwelewa mbele ya mji, harufu ya matope imepanda mpaka juu. Umeme bado. Juu ya kichwa ule ukanda mweupe wa nyota umetoka, ambao usiku wa mwezi mpevu huoni hata ukilipwa, na lile kundi la nyota la Nge upande wa magharibi linajikunja vizuri. Watoto wa kaka yangu wanapigana kupokezana darubini. Namwambia bibi, mwezi uko pale, fuata kidole changu, umekuwa mwekundu kama udongo wa chungu. Anatazama. Anatazama. Anasema, "Siuoni." Nikajuta kumpandisha ngazi zote zile.

Kisha akageuza uso, akawa anatazama chini, upande wa mitaa, mapaa, pwani. Akasema, "Lakini kiza hiki nakijua. Ni kiza cha kwetu cha zamani, kabla ya taa." Akaanza kutaja nyumba moja moja kwa mpango, hapa kwa fulani, hapa kwa fulani, watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa, na kidole chake kinakwenda sawasawa juu ya mapaa asiyoyaona.

Halafu akataka sinia.

Nimelileta lile la shaba la jikoni. Amelipiga kwa mwiko, si kwa nguvu, mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Watoto waliacha darubini. Mimi mwalimu wa jiografia nimepiga kifuniko cha sufuria.

---

bintiShela – saa 3:50 usiku

Sasa nitaandikaje baada ya haya.

---

NahodhaNgomeni – saa 3:51 usiku

Mpe salamu zangu sana. Mwambie Ngomeni walikuwa wakipiga debe.

---

BintiLangoni – saa 3:53 usiku

Umeachiwa! Doa jeupe limetokea chini, kama almasi. Tazameni kati ya weupe na wekundu, kuna ukanda wa samawati, hafifu sana. Ni mwanga uliopita juu kabisa ya hewa, kwenye tabaka ya ozoni, ambayo hula wekundu ikaacha samawati. Kwa darubini ni rahisi zaidi. Harakisheni, hautakaa.

Bibi nimemwambia umeachiwa. Amesema, "Naam. Umeona?"

---

Tafakuri_Huru – saa 4:10 usiku

Nimefanya ile ya sinia na chungwa kwa tochi ya simu. Sijasema nimekubali. Nasema nimefanya.

---

Mkaa_Kimya – saa 4:22 usiku

Mke ametoka nje, ameshindwa kuvumilia. Mkwe asiambiwe.

---

Tanga_Raha – saa 4:40 usiku

Mwalimu, mwingine lini? Nisikie mapema niombe ruhusa.

---

BintiLangoni – saa 5:06 usiku

Umetoka wote, mweupe pepepe, kama hakukuwa na lolote. Umeme nao umerudi.

@Tanga_Raha wa Machi 2026 si wetu, utatokea mchana kwetu. Tarehe 28 Agosti 2026 tutapata kipande: utaanza kumegwa saa 11:34 alfajiri, nasi tutabaki nao kama dakika arubaini tu kabla haujatua magharibi. Kwa hiyo safari hii wa Lamu tutahangaika, huko ndiko mgongoni mwa mji, tafuteni mahali mapema. Ila mwingine kamili wa saa nzuri kama leo ni tarehe 31 Desemba 2028. Huo utachomoza ukiwa tayari umeanza kuliwa, na kuanzia saa moja na robo usiku utakuwa ndani wote kwa zaidi ya saa nzima. Wengine watakuwa wanangoja fataki za mwaka mpya.

Nimemwambia bibi ni miaka mitatu na ushei. Ameuliza kama sinia limerudishwa jikoni.

---

Jirani_wa_Nyuma – Jumatatu 8 Septemba 2025, saa 1:12 asubuhi

Kumbe ni nyinyi! Mtoto wetu ameshtuka saa tatu na nusu kwa hilo sinia, hakulala hadi saa nane. Mwaka 2028 tuambieni mapema, tutakuja na letu.